Mwalimu, Mwashi na Ramani: Tarikhi ya Darasa Kandokando ya Ghuba ya Mwanza

Msafiri atokaye mjini Mwanza kwa njia ya Shinyanga hafiki mbali kabla ya kukutana na Usagara, mahali ambapo barabara hugawanyika, moja ikishika kusini kuelekea Misungwi na nyingine ikikunja kuume kwenda Kigongo, kwenye ule mkono mwembamba wa ziwa ambao kwa miaka mingi ulivukwa kwa pantoni, na ambao tangu Juni 2025 una daraja la kilomita 3 juu yake. Aghalabu msafiri huyo hana wasaa. Hununua sangara wa kukaanga dirishani mwa basi, huuliza kama abiria wa Sengerema na Geita wamekwisha kupanda, kisha huenda zake, wala hapiti fikirani mwake kwamba katika kipande hiki cha pwani, kwa zaidi ya miaka 130, watu wa mataifa mbalimbali wamekuwa wakishughulika na swali moja lisilo jepesi, nalo ni namna gani ijengwe nyumba ambayo ndani yake mtu atamfundisha mwenziwe.

(Msomaji wa tarikhi asiichanganye Usagara hii na ile nchi ya Wasagara, pande za Kilosa na Mpwapwa, ambayo Carl Peters aliitia katika mikataba yake ya hila mwaka 1884. Majina yamefanana, lakini baina ya mahali hapa pawili pana mwendo wa majuma mengi kwa miguu.)

Ni kosa kudhani kwamba kabla ya kufika wageni wenye vitabu hapakuwa na mahali pa elimu palipofikiriwa umbo lake. Wasukuma walikuwa na shikome, yaani ule moto wa jioni uwashwao uani karibu na zizi la ng'ombe, kwa magogo na samadi iliyokauka, ambapo wazee waliketi juu ya vigoda na vijana wakakaa chini, na hapo zikasemwa nasaba za koo, sheria za malisho, hadithi na vitendawili, na mengine ambayo mtoto asiyeyajua hakuhesabiwa kuwa amelelewa. Tazama jinsi mahali hapo palivyokuwa: watu wamekaa duara, hakuna aliye nyuma ya mwenziwe, mwanga uko katikati na huangaza nyuso zote sawasawa, hata mzee anayesimulia humwona mara moja kijana aliyeanza kusinzia. Moshi hufukuza mbu, ng'ombe wako karibu na macho ya wenyewe, na kijana aliyechoka kusikiliza hawezi kuondoka bila kuonekana na halaiki nzima. Hakuna aliyechora ramani ya shikome, ila mtu asiniambie kwamba haikusanifiwa.

Nao waungwana wa pwani na Waarabu walioshika njia ya misafara hadi Kageye, bandari ile ya mashariki ya Mwanza ambayo msafiri Henry Stanley aliishukia mwaka 1875 na mashua yake, walitoka katika miji ambamo chuo cha Qur'ani hukaa barazani mwa nyumba ya mwalimu. Baraza ni mahali pa ajabu, kwa kuwa si ndani wala si nje. Mtoto hukaa mkekani na ubao wake mapajani, hupepewa na upepo wa njiani, na kila apitaye humsikia akisoma na humjua kama anakosea. Hivyo mji mzima hushiriki kufundisha, bila ujira.

Sasa nije kwa mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye anayestahili kuitwa wa kwanza katika habari hizi, ingawa yeye mwenyewe hakujiita msanifu majengo. Alexander Mackay alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Scotland, akiwa mwana wa kasisi. Alisomea kwanza ualimu huko Edinburgh, kisha akasomea uhandisi, akaenda Ujerumani kufanya kazi katika viwanda vya mashine. Basi alipokubaliwa mwaka 1876 na Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kiingereza, kwenda Buganda, nchi ya Kabaka Mtesa, alikuwa amebeba taaluma mbili ambazo kwa desturi hazikai katika mtu mmoja, ile ya kufundisha na ile ya kujenga. Wakubwa wake, kama wakubwa wengi, walianza kwa kumpa barabara: apasue njia kutoka Saadani pwani hadi Mpwapwa, ipitike kwa magari ya kukokotwa na maksai. Wakati yeye akikata miti huko, wenzake wawili waliotangulia ziwani, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika Desemba 1877. Na jina la Smith wakalipachika Wazungu kwenye ghuba hii hii tunayoivuka pale Kigongo, likadumu katika ramani zao kwa miaka mingi, ingawa mvuvi wa Busisi, ng'ambo ya pili, hana habari nalo.

Mackay alifika Kageye katikati ya mwaka 1878. Alikuta mizigo ya wenzake imetawanyika, na mashua yao, Daisy, mbao zake zimeoza na kupasuka. Akaketi ufukweni akaifanyia kazi hadi ikaelea, akaenda nayo Ukerewe kuzungumza na Lukonge, mtawala ambaye nchini mwake wenziwe walikuwa wameuawa, kisha mwezi wa Novemba akafika Buganda. Huko ndiko ilikodhihiri namna yake ya kufundisha. Hakungoja ijengwe shule. Vijana wa kasri walimjia karakanani, na yeye akiwa kwenye tanuri au kwenye mashine ya kukereza, walishika karatasi zao za kusomea wakatamka silabi huku chuma kikilia. Aliwasahihisha bila kuinua kichwa. Na lugha aliyoanzia, jambo ambalo Waswahili hatulitaji vya kutosha, ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa vitabu alivyokuwa navyo ni vile vilivyotafsiriwa na Askofu Steere na kupigwa chapa Unguja.

Julai 1887 Kabaka Mwanga alimfukuza. Mackay akavuka ziwa kuja upande wa kusini, akaweka makazi Usambiro, kwenye ncha ya ghuba yetu, katika nchi kavu yenye homa, mbali na kila aliyemjua. Mtu mwingine angejenga kibanda cha kungojea mambo yatengenee. Yeye alijenga kama mtu atakayekaa maisha. Stanley, aliyepita hapo mwishoni mwa Agosti 1889 akirudi pwani na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Equatoria, na msafara wake uliochakaa, alikaa hapo zaidi ya majuma mawili akaacha maelezo ya alivyopaona: nyumba yenye kuta nene za udongo zilizosawazishwa na kupakwa vizuri, chumba kilichojaa vitabu, karakana kubwa ambamo boila ya mashua ya moshi ilikuwa ikipigwa ribiti, mtumbwi unatengenezwa, shimo la kupasulia mbao liko wazi, na zizi la ng'ombe na banda la mbuzi kando yake.

Nimeitafakari mara nyingi sana orodha hiyo. Mtu akiisoma harakaharaka huona mali ya fundi mmoja hodari. Akiisoma polepole huona mpango wa mahali pa elimu. Kwani shimo la kupasulia mbao ni kazi ya watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja shimoni na msumeno mrefu baina yao, na aliye chini hali vumbi bure: anajifunza kufuata mstari asiouona kwa kuamini mkono wa aliye juu. Ukuta mnene wa udongo haukusimama pasi na vijana wa hapo kufundishwa kiasi cha maji na majani ya kuchanganya, na kungoja tabaka la chini likauke kabla ya kuweka la juu. Waganda Wakristo waliokimbia fitina za kwao katika miaka ya 1888 na 1889 walipata kimbilio hapo, na Mackay aliwapigia chapa sehemu za Injili kwa Kiganda kwa mashine yake mwenyewe. Hivyo katika ua mmoja mtu aliweza kuona chuma kinayeyuka, mbao inapasuka na neno linachapwa, na kazi hizo tatu zilikuwa na mwalimu yule yule.

Simpambi. Mackay alikuwa mtu wa zama zake, alitamani Waingereza wazitawale nchi hizi na aliyasema hayo katika barua zake. Na udongo wa Usambiro haukuwa na huruma naye wala na wenzake. Askofu Parker na kasisi Blackburn walifia hapo katika mwezi mmoja wa Machi 1888. Yeye mwenyewe alishikwa na homa akafa tarehe 8 Februari 1890, akiwa katikati ya kazi ya kutafsiri Injili ya Yohana, na umri wake haujatimia miaka 41. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa kwenda Namirembe, Kampala, na tangu hapo Waganda ndio wanaomkumbuka, ilhali sisi tuliomzika kwanza hatumtaji.

Ng'ambo ya kundi la Mackay walikuwapo Mapadre Weupe wa Kikatoliki, ambao nao walikuwa wameondoka Buganda katika Novemba 1882, wakatua Kageye, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Kamoga katika nchi ya Bukumbi, upande huu huu wa Usagara. Wao hawakutegemea mtu mmoja bali mpango: kanisa, nyumba ya mapadre, shule, karakana ya bruda na shamba, vyote vikizunguka ua, na watoto wengi waliolelewa humo walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Mpango huo ulienea baadaye katika misheni zote za ziwa hata ukawa kama muhuri. Faida yake ni kwamba mtoto aliyetoka darasani alipita karakanani kabla ya kufika shambani, asiweze kudhani kwamba kusoma ni kitu kilichojitenga na mikono. Hasara yake ni kwamba ua ule ulikuwa na lango, na aliyekuwa nje ya lango alikuwa nje kwelikweli.

Juu ya shule za serikali za wakati wa Wajerumani na Waingereza sina mengi, kwa sababu hapo ndipo ilipoanza ile desturi ambayo imetawala hadi leo, ya ramani kuchorwa mahali na darasa kujengwa mahali pengine. Chumba cha mstatili, ubao upande mmoja, madirisha pande mbili, baraza nyembamba mbele, paa la bati: ndiyo sura ya shule ya wilaya kutoka Bukoba hadi Musoma, na Julius, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito, alipopelekwa Mwisenge mwaka 1934 aliingia katika shule ya mfumo huo. Si sura mbaya. Wachoraji wa Idara ya Kazi walijua habari za jua na mvua, na baraza ile, ingawa nyembamba, ilikuwa na nasaba na baraza zetu. Lakini mwalimu hakuulizwa kitu. Alikabidhiwa funguo.

Kitu cha pekee kilichotoka nje ya desturi hiyo hakikuwa shule. Mtu akishika barabara ya Musoma kutoka Mwanza, akafika Kisesa na kukata kidogo kando, hufika Bujora, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1950 padri mmoja wa Kikanada, David Clement, alianzisha parokia, na pamoja na wazee wa Kisukuma akaanza kukusanya ngoma, mikuki, viti, mapambo ya watemi na dawa za waganga, hata ikapatikana Makumbusho ya Wasukuma. Padri Clement hakulitaka kanisa refu la Kifaransa lenye mnara. Alilijenga kwa sura ya nyumba ya mtemi, ya mviringo, na vitu vya ibada vikapewa maumbo ambayo Msukuma aliyekulia katika himaya ya mtemi aliyajua tangu utotoni. Na nyumba ya makumbusho ambamo zimewekwa alama za utemi ilipewa umbo la kiti cha enzi, hata mgeni huingia ndani ya kiti hicho kabla ya kuambiwa lolote juu ya aliyekikalia.

Nimepata kuingia humo pamoja na kundi la watoto wa shule ya msingi, mwalimu wao akiwa mbele na kalamu sikioni. Nje walikuwa wakipiga kelele kama watoto wa safari. Walipopita mlangoni wakanyamaza, si kwa kuamriwa, ila kwa sababu mwanga ulipungua ghafla na ngoma kubwa za watemi zilikuwa mbele yao, wamesimama mkabala nazo kama wajukuu waliokosa. Mtoto mmoja wa kike alinyosha kidole akagusa ngozi ya ngoma, akakirudisha upesi. Mtunzaji, mzee wa makamo, hakumkemea. Alimwuliza babu yake anatoka ukoo gani. Mtoto hakujua. Basi mzee akaanza kueleza habari za koo, na watoto, bila kupangwa na mtu, wakajikuta wamemzunguka duara, kama kwenye shikome. Mwalimu alikuwa nyuma, hana la kufanya, na nadhani alifurahi.

Inafaa pia kusema lililo na dosari. Utemi ulifutwa kwa sheria mwanzoni mwa mwaka 1963, na makumbusho haya yaliyoinua kiti cha enzi kuwa nyumba yamebaki yakisifu jambo ambalo serikali ya wananchi ilikwisha kulizika. Fauka ya hayo, padri yule alichukua umbo la mtemi akaliacha la mkulima. Nyumba ya mtu wa kawaida, ghala lake la mtama na shikome yake ni vitu ambavyo vingestahili heshima kama ile ya ngoma. Hata hivyo sijaona kandokando ya ziwa hili jengo jingine ambalo aliyelisanifu alijiuliza kwanza, kabla ya kuhesabu matofali, mtu atakayeingia atajifunza nini kwa kuingia tu.

Katika zama hizo hizo kulikuwa na njaa ya wasanifu wenyewe. Kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka kujifunza usanifu wa majengo hakuwa na mahali pa kusomea kwao, hadi Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipofunguliwa Nairobi mwaka 1956. Kabla ya hapo ilimbidi avuke bahari. Anthony Almeida, Mgoa mzaliwa wa Dar es Salaam, alisomea Bombay. Beda Amuli, aliyekuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Tanganyika kuishika taaluma hii, hata baada ya Nairobi kufunguliwa alikwenda Haifa, nchini Israel, akarejea katika miaka ya 1960 na baadaye akatusanifia Soko la Kariakoo. Mwaka huo huo wa 1956 Dar es Salaam ilipata shule ndogo ya kufundisha upimaji wa ardhi, ambayo mwaka 1974 ikawa Chuo cha Ardhi, mwaka 1996 ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 ikasimama yenyewe kuwa Chuo Kikuu Ardhi. Ni hapo ambapo wengi wa wasanifu wetu wamefundishwa, na namna wanavyofundishwa ina shani: mwanafunzi hukesha mezani na mchoro wake, asubuhi huutundika ukutani mbele ya wakufunzi na wenziwe, hulitetea kila dirisha na kila mlango, hukosolewa hadharani, huurudia. Ajabu ni kwamba mtu aliyefundishwa kwa jinsi hiyo, kwa kuzunguka kazi na kuizungumzia, akihitimu na kuombwa achore darasa huchora safu za madawati zinazotazama ukuta mmoja.

Mwanza yenyewe ilipata mwaka 1960 Kituo cha Mafunzo ya Jamii cha Nyegezi, kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki wakati wa Askofu Joseph Blomjous, na mwaka 1998 kituo hicho kikawa chuo kikuu chenye jina la Mtakatifu Agustino. Habari zake ni ndefu, ziwe za siku nyingine.

Lililobadilisha sura ya darasa la pwani ya ziwa kuliko msanifu yeyote ni mkutano. Katika Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliketi Musoma, ikaazimia kwamba katika miaka 3 kila mtoto wa rika la kwenda shule awe shuleni, ilhali mipango ya awali ilikuwa imeliweka jambo hilo mbali zaidi. Madarasa hayakuwapo, fedha hazikuwapo, walimu hawakuwapo. Kilichokuwapo ni vijiji. Basi wanakijiji wakaambiwa wajenge. Usukumani jambo hilo halikuwa geni kabisa, kwa sababu tangu zamani vijana walikuwa na chama chao cha kazi chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale, wakilima na kujenga kwa zamu; na sasa zamu ile ilipewa kazi mpya, ya kusimamisha miti, kufunga fito, kukandika udongo na kuezeka nyasi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa wamezidi milioni 3. Vijana waliofundishwa haraka vijijini ili washike chaki waliitwa walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote kwa herufi za Kiingereza, na wenye kejeli wakasema herufi hizo maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Kejeli hiyo siipendi. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusoma.

Darasa lake lilikuwa la udongo, nusu ya ukuta tu, na juu ya nusu hiyo ilikuwa wazi hadi kwenye mapaa ya nyasi, hata upepo wa ziwa ulipita juu ya vichwa vyetu mchana kutwa. Kila Ijumaa wasichana walisiriba sakafu kwa samadi na udongo, na wavulana tulipewa ubao: tulitwanga mkaa pamoja na unga mweusi wa betri zilizokwisha, tukachanganya na majani mabichi tuliyoyaponda, tukasugua hadi viganja vikawa vyeusi na ubao ukang'aa kama kiatu. Mbuzi waliingia. Vumbi liliingia. Nyasi zilivuja, na tulijua kila mmoja mahali asipopaswa kukaa mvua ikinyesha. Kisha ukaja msaada wa mabati, na siku yalipopigiliwa kijiji kilichinja. Mvua ya kwanza ilipoanguka juu ya bati lile mwalimu alikuwa katikati ya hesabu za kugawanya. Tuliona midomo yake ikienda wala hatukusikia sauti. Alijaribu kupaza, akashindwa, akageuka akaandika ubaoni kwa herufi kubwa, "Nakilini", nasi tukanakili hadi mvua ikapita. Kwa majira yote ya masika yaliyofuata tulijifunza kunakili. Jengo lililovuja lilikuwa limeturuhusu kumsikia mwalimu, lililokauka likamnyamazisha.

Tangu hapo mambo yameendelea kwa kasi. Ada ilipofutwa katika shule za msingi na baadaye, kuanzia mwaka 2016, hadi kidato cha nne, watoto walimiminika, na vijiji vikarudi kwenye kazi ile ile: wananchi huinua kuta kwa nguvu zao hadi usawa wa renta, kisha huacha, wakingoja serikali ilete kenchi na mabati. Kuta hizo zisizo na paa huitwa maboma. Ninaona kinaya katika neno hilo, kwani boma kwa babu zetu lilikuwa ngome, na kwa Wajerumani likawa kiti cha utawala, na sasa ni darasa ambalo halijakwisha, magugu yamemea ndani yake na mtoto amechora jina lake kwa mkaa ukutani. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa kukabili athari za UVIKO-19 zilizofikia Shilingi trilioni 1.3, serikali ilitangaza ujenzi wa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, nayo yakajengwa kwa miezi michache tu. Mwenye insafu hawezi kuidharau kazi hiyo. Mtoto aliyekuwa akisomea chini ya mwembe ana haki ya kushukuru bila kuulizwa maswali ya usanifu.

Lakini mimi si mtoto huyo tena, na maswali ninayo. Mwanza iko kiasi cha nyuzi 2 na nusu kusini mwa Ikweta. Jua hupita karibu na utosi, likielekea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, na adui wa darasa ni jua la asubuhi na la alasiri, lile la pembeni ambalo paa haliwezi kulizuia. Kwa hiyo kuta ndefu zenye madirisha zinafaa kutazama kaskazini na kusini, na kuta fupi zisizo na madirisha zipewe mashariki na magharibi. Hili si siri. Kila mwalimu wa usanifu hulifundisha mwaka wa kwanza. Hata hivyo pita katika shule za barabarani, uone ni ngapi zimegeuzwa kuifuata barabara ili mgeni rasmi akija kufungua aone uso wa jengo. Ikifika alasiri safu ya madawati iliyo upande wa magharibi huachwa tupu, na watoto 15 hujibana katika nafasi ya 8. Ramani ni moja kwa Ukerewe na kwa Dodoma, kwa mahali penye mawe ya bure kila hatua na kwa mahali pa mchanga mtupu. Bati liko vile vile uchi, bila dari, nayo mvua haijapunguza sauti yake tangu nilipokuwa mtoto. Fundi wa kijiji aliyepewa kazi kwa utaratibu wa fosi akaunti, ule wa kumtumia fundi wa hapo hapo badala ya mkandarasi, anayajua haya yote, nimezungumza na mmoja, akaniambia kwamba nyumba yake mwenyewe ameigeuza kama inavyopasa, "lakini hii, mzee wangu, ni ya ramani."

Neno langu kwa vijana walio kwenye meza za kuchorea ni ombi dogo. Kabla hamjachora darasa jingine la pwani hii, njooni mwezi wa Aprili, mchague shule yoyote baina ya Usagara na Kigongo, mwombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, mkae dawati la nyuma kabisa, upande wa magharibi, kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho. Mwalimu akianza kunakilisha, mwulizeni kwa nini.